Sanduku la Sikukuu: maneno kwa wamama wa kikundi chetu cha akiba, Kadutu, Bukavu

Jambo yenu, wamama. Jambo na kwenu wababa wanne mliokaa nyuma karibu na mlango. Sogeeni mbele, maneno haya ni yenu pia. Mama Rais, aksanti kwa kunipa nafasi kabla sanduku halijafunguliwa. Naona mawingu yanajikusanya huko juu na wengine mnarudi Bagira kwa miguu, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mnanifahamu. Nafundisha watoto wa materneli, wa miaka mitatu hadi mitano, na nimo katika kikundi hiki tangu mzunguko wa kwanza. Ninachotaka kusema leo kimetoka katika daftari letu la mikopo. Tulipokuwa tunalikagua na Mama Katibu, nikaona neno moja linarudi mbele ya majina: aniversere, sikukuu ya kuzaliwa. Si mtaji wa makala ya kupikia, si unga wa kuuza, si minervali ya shule. Aniversere. Sikuja hapa kumsema mtu. Wa kwanza kuandikwa neno hilo katika daftari letu ni mimi.

Binti yangu wa pili alikuwa anatimiza miaka mitatu. Nilichukua dola 150. Nikakodi viti 50, hema na sono ya kupiga muziki, nikamwita fundi wa mapambo, nikaagiza gato, keki ya ghorofa tatu. Watu wazima walijaa. Watoto, nikiwahesabu leo kwenye picha, walikuwa tisa. Fundi wa mapambo alichelewa saa mbili, watoto wakakaa na njaa katika nguo wasizoruhusiwa kuchafua. Sono ilipowashwa, binti yangu akaziba masikio kwa mikono miwili, akalia mpaka akabebwa chumbani, na huko akalala. Gato ikakatwa yeye amelala. Kesho yake asubuhi tulimvalisha tena lile gauni, tukamshikisha kisu mbele ya kipande kilichobaki, ili tupate picha yake na gato yake. Picha hiyo ninayo. Macho yamevimba.

Mkopo ule niliulipa kwa miezi saba. Katika miezi hiyo dada yake mkubwa alirudishwa nyumbani kutoka shuleni mara mbili kwa sababu ya minervali. Alikuwa anarudi polepole, begi mgongoni, na mimi nikimwona kutoka mbali najua amerudishwa.

Sasa, kila Jumatatu asubuhi watoto wangu wa darasani wanaketi kwenye mkeka na kunihadithia yaliyotokea nyumbani. Ni saa ninayoipenda kuliko zote. Nimesikia sherehe nyingi kwenye mkeka ule, na hakuna mtoto aliyewahi kunitajia viti. Hakuna aliyetaja hema. Wananiambia mbuzi wa jirani aliingia akala ndizi za sherehe. Wananiambia baba alicheza mpira na sisi mpaka akaanguka. Mtoto wa miaka minne anaondoka na kitu kimoja tu, kile alichokifanya kwa mikono yake au alichokiona mzazi anakifanya pamoja naye. Vingine vyote tunavifanya kwa ajili ya macho ya jirani, na vinakula fedha nyingi kuliko chakula.

Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya tema. Neno hili mmelisikia kwa wanaoandaa sherehe kubwa mjini, na wengi mnadhani ni jambo la watu wa mtaa wa Muhumba wenye bustani. Tema maana yake ni kwamba sherehe nzima inasimulia jambo moja. Basi. Na faida yake kwa mtu asiye na fedha ni kubwa, kwa sababu tema inakukataza. Ukishaamua kwamba sherehe ni ya ziwa, huhitaji baluni za waridi, huhitaji taji, huhitaji sahani zenye picha za katuni. Ukifika sokoni, kila kitu kinakuita, na wewe unakiuliza: wewe ni wa ziwani? Kama si wa ziwani, unapita.

Watoto wa Kadutu wanaliona ziwa Kivu kila siku wakiwa huku juu. Jioni wanaona taa za wavuvi zinawaka kule chini, mstari kwa mstari. Lakini niliwauliza darasani ni nani amewahi kukaa ndani ya mtumbwi, wakainuka wawili. Nikasema basi, mtoto wangu wa mwisho akitimiza miaka mitano, tutawapeleka wote ziwani bila kutoka kwenye parsele, kiwanja chetu cha nyumbani.

Mnajua mitumbwi ya kuvua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ilivyo: mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu iliyopinda, wavu unashuka katikati, taa inawashwa, na mwanga ule unawaita samaki kupanda juu. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, maana taa haina nguvu tena mbele ya mwezi. Basi nikatafuta katoni tatu za sabuni, zile kubwa, duka la pembeni likanipa bure. Nikazipanga sambamba, nikaziunganisha kwa mianzi miwili iliyopita juu, nikaifunga kwa kamba ya raba ya baiskeli. Katikati ya katoni nikatundika mfuko wa wavu, ule wanaotilia vitunguu. Kila katoni inaingia watoto wawili. Mume wangu akachonga makasia kutoka vipande vya mbao alivyoomba kwa seremala. Aliyafanya kwa siku mbili baada ya kazi, na mtoto amekaa pembeni anamshikia mbao. Hizo siku mbili mtoto anazikumbuka kuliko hata siku yenyewe.

Samaki nao. Mfuko wa maziwa ya unga, ukiupasua, ndani unang'aa kama fedha. Hiyo ndiyo sambaza. Tulikata vipande viwili vya umbo la samaki, urefu wa kiganja cha mtu mzima, tukaweka katikati kifuniko cha chupa ya sukre, ya soda, kile cha chuma, tukashona pembeni kwa uzi. Jicho tukalichora kwa biki. Tulishona samaki 40, jioni kwa jioni, kwa wiki mbili, watoto wakisaidia kukata. Fimbo ni kijiti, kamba, na mwishoni sumaku. Sumaku nimeitoa kwa mafundi wa redio, ni ya spika iliyokufa, kubwa na nene. Nasisitiza ukubwa, wamama. Zile sumaku ndogo zenye nguvu, za vichezeo, mtoto akimeza mbili zinashikana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo. Ya spika, chagua ile kubwa isiyoingia mdomoni.

Siku yenyewe nikatundika vitenge viwili vizito kwenye madirisha ya sebule, mchana ukawa usiku. Watoto wakaingia kwenye katoni kwa zamu, sita sita, mwenye sherehe akapewa kazi ya kuwasha taa, ile ya jua tunayotumia umeme ukikatika. Alipoiwasha, samaki wote 40 waliomwagwa sakafuni wakang'aa kwa pamoja. Mlipaswa kusikia ile sauti iliyotoka kwa watoto. Halafu kimya. Watoto kumi na wawili, kimya kabisa, sita wanavua, sita wanangoja zamu.

Mmoja akaniuliza kama mamba atakuja. Nikamjibu ziwa Kivu halina mamba, akaonekana amehuzunika. Nikawahadithia kwamba hata sambaza si wenyeji wa ziwa letu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na zamani hizo bibi zetu hawakuwajua. Jumatatu yake, mtoto yule yule akawaeleza wenzake darasani kwamba sambaza ni wageni kama watoto wa aniversere.

Chakula kilifuata tema, na hapo ndipo fedha ilipookolewa. Sambaza wa kukaanga, wakavu, katika koni ya karatasi. Mandazi ya kilo moja ya unga, ukiyakata madogo unapata karibu 40, na mtoto mdogo hamalizi makubwa. Nanasi tatu za Idjwi. Maganda yake usitupe: yaoshe vizuri kabla ya kumenya, yachemshe na tangawizi, chuja, tia sukari kidogo, acha ipoe. Ndoo nzima ya kinywaji kwa sukari ya kikombe kimoja, na hakuna kukimbizana na krati za sukre.

Gato niliipika mwenyewe kwenye makala, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi mnaniuliza. Unga vikombe vitatu, levire ya gato, ile poda ya kuumulia keki, vijiko vitatu vya chai, chumvi ukucha. Pembeni piga sukari kikombe kimoja na siagi nusu kikombe mpaka iwe nyeupe, tia mayai manne, moja moja, kisha unga na maziwa kikombe kimoja kwa zamu, na ganda la limau lililokwaruzwa. Sufuria ndogo ipake mafuta, nyunyizia unga. Sufuria kubwa weka mchanga mkavu chini, ipashe moto kwanza, ndipo uiweke ile ndogo ndani. Funika kwa kifuniko bapa cha chuma. Siri iko kwenye moto: chini makala machache, juu ya kifuniko makala mengi. Wengi wanaunguza kwa sababu wanaweka moto kama wa kupika maharagwe. Usifungue kabla ya dakika 35. Ukifungua mapema, inashuka katikati na haiinuki tena. Baada ya hapo chomeka kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva. Mimi juu sikuweka krimu. Nilikunja mashua ya karatasi, nikaisimamisha pale na mishumaa mitano pembeni yake. Hesabu yote, pamoja na sambaza, mayai, mafuta na makala, ilikuwa dola 18. Nilizitoa kwenye akiba ya jikoni kwa miezi mitatu, dola sita kwa mwezi.

Sherehe yenyewe ilichukua saa mbili, kuanzia saa nane hadi saa kumi. Watoto wa umri huo wakipita hapo wanaanza kupigana, na huku kwetu kuanzia Septemba mpaka Mei mvua ya alasiri haiombi ruhusa. Mchezo mmoja mkubwa, mmoja wa kukimbia nje, chakula, mshumaa, nyumbani. Jiko la makala na mafuta ya moto viwe upande wa pili wa nyumba, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe kusimama hapo tu. Karanga nzima na pipi ngumu hapana kwa wadogo, zinaziba koo. Baluni ikipasuka, vipande viokotwe papo hapo kwa sababu hiyo hiyo. Kama unao watoto chini ya miaka mitatu, acha baluni kabisa. Pembetatu ndogo za kitenge zilizoshonwa kwenye kamba zinapendeza zaidi na hazipasuki. Mafundi cherehani wanatupa mabaki hayo kila siku.

Kuna jambo la kado, zawadi. Hili linaniuma, nitalisema taratibu.

Katika darasa langu, mtoto akialikwa, wazazi wanahesabu: kado, nguo mpya, nauli ya pikipiki. Wasipoweza, wanamwambia mtoto anaumwa. Siku ya Jumatatu yule mtoto anakaa mwisho wa mkeka na hana la kuhadithia, na wenzake wanamuuliza mbona hukuja. Mwaka juzi mmoja alinijibu kwa niaba ya mama yake, kwa sauti ndogo: hatukuwa na kado. Alikuwa na miaka minne. Tangu siku hiyo, mialiko yote inayotoka kwangu ina mstari mmoja chini: njoo na mikono yako, kado hapana, tutavua samaki. Na kila mtoto akiondoka anapewa samaki wake mmoja wa fedha aliyemvua mwenyewe. Hakuna mzazi aliyekuja akiwa ameinamisha kichwa.

Na wale wasioalikwa. Ninyi nyote mnalo lango au uzio wa mabati wenye matundu. Sherehe ikianza, kwenye kila tundu kuna jicho. Tunawafukuza. Tunawapigia kelele kwamba hawana adabu. Mimi naomba tuongeze kikombe kimoja na nusu cha unga. Mandazi 10 ya langoni, yaliyokusudiwa tangu asubuhi, katika beseni lake. Watoto wakubwa wa nyumbani wapewe kazi ya kuwapelekea. Sambaza wakibaki, wapate. Katika sherehe ya mtoto wangu wa mwisho, niliwaruhusu wa langoni kuingia katoni baada ya zamu ya wageni kwisha, wakavua dakika kumi. Walikuwa saba. Hakuna kilichoharibika.

Mama mmoja aliniambia wiki iliyopita: Mama Mwalimu, wangu hataki ziwa, anataka binti mfalme wa televisheni. Mpe. Tusiwavunje watoto mioyo kwa sababu sisi tunapenda vya kwetu. Lakini muulize huyo binti mfalme anafanya nini. Anacheza dansi? Anajenga nyumba ya barafu? Chukua tendo moja, lifanye mchezo, na kitenge cha rangi hiyo kitatosha kwa mabega. Mwingine anapenda sokwe wa Kahuzi-Biega. Hao ni wa jirani yetu kabisa, hifadhi iko hapa juu, nayo ipo tangu 1970. Majani ya migomba ukutani, kiota cha majani makavu ambacho kila mtoto anajitengenezea maana sokwe naye anajenga kiota kipya kila jioni, ndizi na mahindi ya kuchemsha. Kuna na tema ya soko, rahisi kuliko zote: unakata karatasi ziwe faranga, mtoto ananunua chakula chake kwa ndugu wakubwa waliojipanga na vikapu, anabishana bei. Wanapenda kubishana bei. Tunawafundisha wenyewe bila kujua.

Sasa nafika kwenye ombi langu, Mama Rais, na nataka liandikwe.

Tunalo sanduku moja lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Sanduku hilo lilinunuliwa kwa jasho. Linamsaidia mtu kuanza kuuza, kulipa hospitali, kulipa minervali. Naomba mwaka huu tufungue sanduku la pili, la mbao, bila kufuli. Sisi ni 25. Kila mmoja atoe faranga 1.000 mara moja tu. Tunanunua vikombe 20 vya plastiki vya rangi moja, ndoo yenye bomba, taa moja nzuri ya jua. Vingine tunavitengeneza: kamba tatu za pembetatu za vitenge, samaki, sumaku na fimbo zake, vinyago vya sokwe, faranga za karatasi, vikapu. Mwenye aniversere analichukua Ijumaa, analirudisha Jumatatu limeoshwa na limehesabiwa. Akiongeza kitu alichokibuni, kinabaki humo. Mama Katibu atakuwa na daftari dogo la sanduku hilo, na humo neno aniversere litaandikwa kwa raha.

Atakayeuliza kama watoto watachoka kuona vitu vilevile kila mara, namjibu kwa niliyoyaona darasani. Mtoto mdogo anaomba hadithi ileile kila siku na kukukosoa ukiruka neno. Mara ya tatu anapoingia katika mtumbwi ule anaingia kama nahodha, anawafundisha wageni jinsi ya kushika kasia. Kinachobadilika ni mwenye sherehe, na yeye ndiye anayewasha taa.

Na wababa, tafadhali, msingoje kuitwa kuja kupiga picha. Tunahitaji vinyago, tunahitaji makasia mengine manne kwa sababu mawili yamevunjika, na yule baba mwenye redio zilizokufa nyumbani kwake anajijua. Spika zake nazihitaji.

Binti yangu yule wa kisu cha kesho yake sasa ana miaka 13. Samaki wengi mtakaowaona kwenye mfuko huu ameshona yeye. Shona yake ni ndogo ndogo, ya karibu, haifunguki. Wiki iliyopita aliniomba nimwonyeshe ile picha, akaitazama, akaniuliza kwa nini alikuwa amevaa gauni asubuhi. Nikamweleza yote, mkopo na viti na sono. Akarudi kwenye samaki wake.

Mtumbwi uko nyuma ya mlango ule. Katoni ya kushoto imelainika chini, inahitaji kubadilishwa. Jumamosi hii unakwenda kwa jirani yangu hapa Kadutu, mtoto wake anatimiza minne. Jumamosi inayofuata hauna mahali. Nani anauchukua?